Kifungu cha Gauni

Gari la matangazo lilipoingia mtaani, Mama Sabuni hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameinama juu ya beseni, povu limempanda mpaka viwikoni, na mtaa ule haukuwahi kukosa mtu wa kupiga kelele: leo dawa ya mende, kesho mkopo wa simu, keshokutwa fundi wa meno. Lakini safari hii spika ilisema kwamba Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa shule, kamati ya bunge itapokea maoni ya wananchi kuhusu muswada wa sheria dhidi ya ukatili wa kingono. Wote wanakaribishwa, wake kwa waume. Mikono ya Mama Sabuni ikatulia ndani ya maji.

Hatua chache kutoka pale, chini ya kipaa cha mabati, binti yake Bibie alikuwa akipiga pasi mashati ya wateja. Naye alikuwa amesikia. Pasi ilikawia juu ya kola, na harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua ikaanza kupanda.

"Pasi," mama akasema.

"Naiona."

Siku hizi mazungumzo yao yalikuwa ya namna hiyo: pasi, maji, vibanio, nani kaja kuchukua nguo na nani kapiga chenga. La miaka miwili iliyopita halikutajwa. Bibie alikuwa amekwenda kwa mpiga picha wa mtaa kupiga picha ndogo za kubandika kwenye fomu ya chuo. Mpiga picha akafunga mlango, akambaka. Familia ilikwenda polisi, kesi ikafika mahakamani, ikafia huko kwa kukosa ushahidi. Chuo Bibie hakwenda tena. Mpiga picha alibaki na studio yake na heshima zake, na mwezi haukuisha tangu kesi ifutwe, akatuma furushi la mashati kwa Mama Sabuni yakafuliwe. Mama Sabuni aliyarudisha vilevile yalivyokuja. Watu wakamsema yeye. Dobi gani anachagua mteja?

Gari la matangazo likakunja kona. Mama Sabuni akachukua shuka, akalikamua kama mtu anayemkamata mwizi shingoni.

*

Mumewe alikuwa fundi bomba. Jioni ile alirudi na suruali iliyolowa mpaka magotini, akakaa kwenye kigoda cha mlangoni kuvua viatu, na kabla hajavua cha pili mkewe alikwisha kumwambia.

"Jumamosi nakwenda kusema."

"Kusema wapi?"

"Pale ukumbini. Kuhusu gauni."

Fundi bomba akabaki na kiatu mkononi. Hakuwa mtu mwoga. Alikuwa mtu aliyechoka, na mara nyingi watu huyachanganya hayo mawili. "Mama Bibie, kesi ilishakwisha."

"Kesi imekwisha. Mimi sijaisha."

"Yule bwana kapiga picha harusi za mtaa mzima. Kila nyumba ninayoingia kuziba bomba, nakuta kazi yake imetundikwa sebuleni. Ukimgusa yeye, umewagusa wote. Halafu mimi nitaziba mabomba ya nani?"

"Simtaji. Wamesema hakuna kutaja majina. Nataka kusema la sheria tu. Kwenye sheria hiyo mpya kuna sehemu ya ushahidi, nimemuuliza yule binti wa ofisi ya mtaa, kanisomea. Inasema ushahidi uhifadhiwe. Basi! Nani ahifadhi, ahifadhi vipi, asipohifadhi iweje, hawakusema."

"Na wewe ndiye utakayewaambia?"

"Kwani nani mwingine amelipia somo hilo ghali kama mimi?"

Ndipo pazia la chumba cha ndani likasogezwa, Bibie akatoka. Alikuwa ametulia kwa namna ambayo ilimtisha mama yake kuliko kama angepiga kelele.

"Mnanigawana kama shamba la urithi," alisema, "na mwenyewe nipo hai."

"Mwanangu, sitakutaja..."

"Utawaambia nini kuhusu gauni, mama? Kwamba ulilifua watu wasijue?"

Mama Sabuni akatafuta pa kushika, akashika ukingo wa meza.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwepo. Nilirudi, ukaniangalia, ukanivua, na jambo la kwanza ulilofanya ukaenda kwenye beseni. Hata hukuniuliza nani. Uliwahi kulitoa lile doa kabla majirani hawajaamka usingizi wa mchana." Sauti yake ilikatika kidogo, akaiunga. "Sikulaumu. Aibu ni aibu. Lakini usiende kuwaambia watu mambo mengine."

Akarudi ndani. Fundi bomba akavua kiatu cha pili, akakiweka kando ya kile cha kwanza.

*

Kesho yake walikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni, na shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mama akashika pembe mbili, binti akashika mbili, wakavuta, wakakutanisha. Kila wakikunja walisogeleana, kisha wakaachana tena. Shuka la kwanza lilipita bila neno. Na la pili. Kwenye la tatu, walipokaribiana, Mama Sabuni hakuachia pembe.

"Mimi sikujua kufanya kitu kingine," alisema.

Bibie akangoja.

"Ulirudi unatetemeka. Nikaona damu kwenye gauni. Akili yangu yote ikakimbia, ikabaki hii mikono tu. Na mikono hii, mtu akija na kilichochafuka, inajua jambo moja. Nikasema, nikilitoa hili, mwanangu atakuwa kama alivyotoka asubuhi. Wendawazimu, najua. Lakini ndivyo nilivyowaza. Maji baridi, chumvi, nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Sikuwa nawaza majirani. Mungu wangu shahidi, siku ile hata kama mtaa mzima ungesimama mlangoni nisingewaona."

"Na kunyoosha je? Ulilipiga na pasi."

"Nililipiga na pasi." Mama Sabuni alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kesho yake kituoni yule askari mwanamke akasema tunaomba nguo aliyovaa. Nikaitoa kwenye mfuko. Imekunjwa, inanukia. Nikamkabidhi kwa mikono miwili kama namkabidhi mteja. Hata nilijiona hodari. Akalifunua, akaligeuza, akaniangalia. 'Mama, umelifua?' Nikasema nimelifua, nikidhani ananisifu. Ndipo akaniambia nilichokifanya."

Machozi yalikuwa yanamtoka Bibie bila yeye kusogeza uso. Miaka miwili alikuwa amekaa na mama yake kwenye beseni moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hataki kumtazama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana umeninunia. Nikasema acha aninunie, ni haki yake, mimi ndiye niliyeimwaga kesi yake pamoja na maji machafu."

Bibie alimaliza kulikunja lile shuka, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja. Kisha akamkumbatia mama yake, wote wawili wakiwa na vibanio mfukoni, kumbatio lililokaa upande kwa sababu ya beseni lililokuwa katikati. Walikaa hivyo mpaka mteja mmoja akapiga hodi akitaka suruali yake, akaambiwa arudi baadaye.

"Nenda Jumamosi," Bibie alisema akijifuta. "Lakini la gauni tu. Gauni ulilifua wewe, hilo ni lako. Yaliyobaki ni yangu. Usiwape."

"Siwapi."

"Hata wakikulazimisha."

"Hata wakinining'iniza pale kwenye kamba."

*

Habari zina miguu. Ijumaa mchana akaingia shangazi, dada mkubwa wa fundi bomba, bila hodi, na mkoba wake kwapani kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake. Fundi bomba alikuwa nyumbani akitengeneza bomba la uani. Shangazi hakukaa.

"Wifi, nimesikia unataka kupanda jukwaani."

"Hakuna jukwaa, wifi. Ni viti vya plastiki."

"Unafanya mzaha. Mtoto ana miaka ishirini, bado hajaolewa. Watu walishaanza kusahau. Unataka kuwakumbusha? Nani atamwoa? Aibu ya maiti aijua mwosha, na mwosha hasemi!"

"Mwanangu si maiti, wifi."

Shangazi akamgeukia mdogo wake. "Na wewe umekaa tu na spana. Wewe ndiye kichwa cha nyumba hii. Mwambie mkeo. Hilo ni doa la ukoo, tumelifunika miaka miwili, leo yeye analianika mchana."

Fundi bomba alikaza nati, akailegeza tena, akaikaza. Mama Sabuni alikwisha kujiandaa kusikia lile neno la kesi kwisha. Lakini mumewe alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akasema polepole:

"Dada, nakuheshimu. Umenilea. Lakini unayemwita doa ni mwanangu."

"Sikumwita yeye doa, nime..."

"Umemwita. Na mimi nimekuwa nikimwita hivyohivyo kimoyomoyo, kila siku ninapopita njia ya mbali nisipite mbele ya studio ya yule bwana. Mimi ndiye napita mbali! Yeye anapita katikati ya barabara anapunga mkono." "Kesho tunakwenda. Ukitaka kuja, nafasi ipo. Hutaki, tutakuletea habari."

Shangazi aliondoka akiwa ameubadilisha mkoba kwapa. Mama Sabuni alichukua shati jeupe la mumewe, ambalo halikuwa na mkunjo hata mmoja, akalipiga pasi upya.

*

Ukumbi wa shule ulijaa mapema. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani: mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia, kijana mmoja mwanasheria, na karani aliyekuwa akiandika kila kitu. Na kando yao, akiwa ameinama kurekebisha kamera yake, alikuwa mpiga picha.

Ofisi ya mtaa ilikuwa imemkodi yeye. Ingemkodi nani mwingine?

Mama Sabuni alisimama mlangoni. Fundi bomba akamshika kiwiko. "Turudi?" akauliza, na lilikuwa swali la kweli, si la kumjaribu. Mama Sabuni akatikisa kichwa. Wakaenda kukaa safu ya nne. Bibie hakuwa nao; asubuhi alikuwa amesema ana mashati ya kumaliza, na hakuna aliyemshurutisha.

Mwenyekiti akaeleza taratibu. Hakuna kutaja mtu kwa jina. Kila msemaji atapigwa picha kwa ajili ya ripoti, ila asiyetaka aseme, na hatapigwa. Kisha akafungua mlango wa maoni, na kama ilivyo desturi ya mikutano yote duniani, wa kwanza kusimama alikuwa mzee aliyetaka kuzungumzia mtaro.

"Mheshimiwa, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kitandani."

"Mzee wangu, leo ni muswada wa ukatili wa kingono."

"Najua. Lakini nyinyi mkishaondoka lini tena tutawaona?"

Watu wakacheka, mwenyekiti akamwambia karani aandike mtaro, mzee akakaa ameridhika. Akasimama mwalimu, akasimama mkunga, wakasema ya maana. Kisha ikaja zamu ya Mama Sabuni.

Mpiga picha aliinua kamera. Kijicho kile cheusi kikamtazama.

"Sitaki kupigwa," alisema kwenye kipaza sauti, na kamera ikashuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni dobi. Wengi humu ndani nguo walizovaa nimezifua mimi, na baadhi hawajalipa." Kicheko kidogo kikapita, kikampa pumzi. "Yupo binti mmoja aliyetendewa unyama. Mtu wake wa karibu akalifua gauni lake siku ileile. Mtu huyo ni mimi. Sikulifua kuficha. Nililifua kwa sababu nilimpenda na sikuwa na akili nyingine. Kesi ikafutwa. Sasa muswada wenu unasema ushahidi uhifadhiwe. Ni kweli. Lakini redio inanifundisha kuchemsha maji, inanifundisha kunawa mikono, hakuna siku iliyonifundisha kwamba jambo kama hilo likitokea usifue, usimwogeshe, mpeleke kwanza hospitali na nguo zake zilivyo. Naomba sheria iwalazimishe watufundishe, mashuleni, zahanati, kila mahali. Na la pili. Mtu asifutiwe kesi kwa sababu tu gauni limefuliwa."

Yule mwanasheria kijana akasogeza kipaza sauti chake. "Mama, nakuelewa. Lakini mahakama haiwezi kumfunga mtu bila ushahidi. Tunaweza tukamfunga asiye na hatia."

"Sawa, mwanangu. Sitaki mtu afungwe bure, hata mimi nina ndugu wa kiume. Nasema, gauni lisipokuwa na la kusema, kwani binti hana mdomo? Asikilizwe yeye. Apimwe ukweli wake kama unavyopimwa wa mtu mwingine. Siku ile walilisikiliza gauni, wakamaliza."

Kijana akainama, akaandika, akafuta, akaandika tena. "Hilo linaandikika," alisema kwa dhati. "Ushahidi wa mwathirika pekee uweze kutosha, mahakama ikiuamini. Asante, mama."

Mama Sabuni hakuwa amefika kwenye kiti chake wakati kinyozi wa kona ya soko aliposimama. Kinyozi na mpiga picha walikuwa wakinywa kahawa pamoja miaka mingi.

"Mwenyekiti, tusidanganyane. Hapa watu wanarudisha kesi zilizokwisha. Huyu mama anasema yupo binti. Haya, kama yupo, mbona anasemewa? Mwenyewe yuko wapi?"

Minong'ono ikaenea. Fundi bomba alianza kuinuka, uso umemvimba. Mama Sabuni alikumbuka ahadi yake, akauma mdomo, akanyamaza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yote aliyowahi kuifanya kwa mikono yake.

"Nipo," sauti ikasema kutoka nyuma.

Bibie alikuwa amesimama karibu na dirisha la mwisho, na hakuna aliyejua amekuwapo kwa muda gani. Akaanza kutembea. Hakukimbia, hakuinamisha kichwa, na watu waliokuwa wamekaa njiani walivuta miguu yao ndani kumpisha. Safu ya nyuma, mwanamke mwenye mkoba kwapani alisimama ili amwone vizuri; alikuwa shangazi.

Alipofika mbele, mwenyekiti, ambaye hakuwa mwenyeji na hakujua lolote, alimwuliza kwa upole: "Binti, unataka kupigwa picha au hutaki?"

Bibie akamgeukia mpiga picha. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ile.

"Nataka," alisema.

Kamera haikuinuka.

"Mpiga picha," mwenyekiti akaita, "tafadhali."

Mpiga picha alishughulika na mkanda wa kamera. Akageuza kitufe kimoja, akageuza kingine. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu. Vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja, kutoka kwa binti kwenda kwake, kutoka kwake kwenda kwa binti. Hakuna jina lililotajwa. Kinyozi alikuwa bado amesimama. Akatazama rafiki yake, akasubiri ainue kamera, akasubiri tena, kisha akakaa chini taratibu.

"Kuna tatizo gani?" mwenyekiti akauliza.

"Betri," alisema mpiga picha.

"Si neno," Bibie alisema. "Nimesubiri miaka miwili. Akiwa tayari aniambie."

Mpiga picha akachukua begi lake. Njia ya kutokea ilikuwa ndefu, katikati ya viti, na safari hii hakuna aliyemvutia miguu.

Mwenyekiti alivaa miwani yake. Alimtazama Bibie kwa muda, akatazama mlango uliobaki wazi, na ilionekana kwamba sasa hahitaji kuelezwa. "Nani hapa ana simu yenye kamera?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Fundi bomba alikuwa amekwisha kufika mbele. Mikono iliyozoea spana ilikishika kile kisimu chake chenye kioo kilichopasuka, akapiga moja, akapiga nyingine, zote zikatoka zimepinda, naye akasema zimetosha, ni nzuri, anaonekana vizuri. Hakurudi kukaa. Alisimama palepale kando ya binti yake, na shati lake jeupe.

Mama Sabuni kule safu ya nne aliona fahari imemjaa kifuani mpaka ikamuuma. Akatamani kuwaambia watu wote kwamba yule ni wa kwake, lakini wote walikuwa wanajua.

Bibie alikishusha kipaza sauti kikalingana na mdomo wake. Akamwangalia karani, ambaye kalamu yake ilikuwa tayari.

"Andika," alimwambia. "Gauni lilikuwa langu."